Dirisha ibukizi: kwa nini kivinjari kinazuia risiti yako na kuachia tangazo

Dirisha ibukizi ni dirisha au kichupo kipya kinachofunguliwa na ukurasa ulio mbele yako, si na wewe. Kazi hiyo hufanywa na amri fupi ya JavaScript, lugha ya programu inayotumika ndani ya kurasa za intaneti, na amri yenyewe haina kosa. Ndiyo inayokuletea ankara ya kuchapisha, au kidirisha cha kuingia kwa akaunti ya Google unapojisajili kwenye tovuti nyingine.

Walioiharibia jina ni watu wa matangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ethan Zuckerman alikuwa Tripod, kampuni ya Marekani iliyowapa watu nafasi ya kutengeneza kurasa zao bure. Mwaka 2014 alieleza kwamba kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Dawa waliyoiona Tripod ni kulitoa tangazo ndani ya ukurasa na kulifungulia dirisha lake. Zuckerman ndiye aliyeandika programu ya kufanya hivyo, na akaomba radhi. Haukupita muda intaneti ikawa haikaliki: ukifunga dirisha moja yanazuka mawili, mengine yanajificha nyuma uyakute baadaye. Kati ya vivinjari vikubwa, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, Opera ilitangulia kuweka kizuizi cha madirisha hayo, vingine vikafuata, na Agosti 2004 Internet Explorer, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi kuliko vivinjari vyote, ikapata chake kupitia Service Pack 2, sasisho kubwa la Windows XP.

Sasa, watu wengi hudhani kizuizi hiki kinatambua tangazo. Hakitambui. Ni kama mlinzi wa geti asiyekagua mzigo, anauliza tu umeitwa na nani. Ukurasa ukitaka kufungua dirisha, kivinjari kinaangalia kama muda mfupi uliopita umebonyeza kitu. Umebonyeza? Dirisha linafunguka. Hujabonyeza? Linazuiwa. Na kwa kawaida mbofyo mmoja ni ruhusa ya dirisha moja tu.

Ukilijua hilo, mengi yanayokera yanaeleweka. Tovuti za kutazama mpira bure, kwa mfano, huweka kitu kisichoonekana juu ya kitufe cha kuchezea video. Unagusa kitufe, kumbe umegusa tangazo, na kivinjari kinahesabu kwamba umeliita mwenyewe. Ndiyo maana kizuizi kimewashwa na bado unajikuta kwenye ukurasa wa kamari.

Upande wa pili uko steshenari. Kijana anamjazia mteja fomu ya maombi ya chuo, anabonyeza "Chapisha ankara", kimya. Anabonyeza tena, kimya. Mteja anaambiwa mtandao unasumbua. Kwa namna fulani ni kweli: tovuti nyingi hazifungui dirisha papo hapo, zinaiuliza kwanza seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza taarifa za tovuti, zinasubiri jibu, ndipo zinafungua. Katika Chrome uhai wa mbofyo ni kama sekunde 5. Jibu likichelewa zaidi ya hapo, mbofyo umeshakufa, na ankara halali inazuiwa. Kosa hapo, kwa maoni yangu, ni la aliyetengeneza tovuti. Angeweza kufungua dirisha kwanza na kulijaza baadaye. Lakini anayepanga foleni ni mteja.

Kabla ya kubonyeza mara ya tatu, tazama mwisho wa sehemu ya anwani, upande wa kulia. Chrome ya kompyuta huweka pale alama ndogo ya kuonyesha kwamba dirisha limezuiwa. Ibofye, chagua kuruhusu madirisha ya tovuti hiyo siku zote, kisha pakia ukurasa upya. Firefox ya kompyuta hutoa utepe juu ya ukurasa wenye kitufe cha chaguo, na ndani yake mna ruhusa ya tovuti hiyo. Kwenye simu ya Android, Chrome huonyesha ujumbe mfupi kwamba dirisha limezuiwa. Ukiukosa, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, utafute sehemu ya madirisha ibukizi. Safari ya iPhone haina haja ya safari ndefu: kizuizi ni swichi moja ndani ya mipangilio ya Safari, lakini ukiizima umezima kwa tovuti zote, kwa hiyo iwashe tena ukishapata risiti.

Kwingineko usizime chote kwa sababu ya tovuti moja. Ruhusu hiyo moja, tena baada ya kusoma anwani yake herufi kwa herufi. Na kwenye kompyuta ya watu wote, ruhusa uliyotoa inaweza kubaki palepale ukiwa umeshaondoka.

Kuna vitu vinavyofanana na madirisha haya ambavyo kizuizi hakivigusi kabisa. Kile kisanduku kinachofunika makala na kukuuliza habari za vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kifaa chako) ni sehemu ya ukurasa wenyewe, hakuna dirisha lililofunguliwa.

Arifa nazo ni jambo jingine. Ukurasa unakuambia "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Ukibonyeza, umeupa ruhusa ya kukutumia ujumbe hata ukiwa umeufunga. Kesho yake simu inakuambia ina virusi, pakua programu hii haraka. Virusi hivyo havijaonwa na mtu: tovuti haina uwezo wa kuikagua simu yako, na ujumbe ule ni tangazo au utapeli. Usipakue. Kizuizi cha madirisha hakitakusaidia hapo. Rudi kwenye Mipangilio ya tovuti, fungua Arifa, tafuta jina la tovuti usiyoikumbuka, uifutie ruhusa.