VAT kwenye ada ya shule binafsi: anzia kwenye risiti za saruji

Tangu Uingereza ianze kutoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi, Januari 1, 2025, swali limekuwa lile lile hata huku Mwanza: ikija kwetu itakuwaje? Wenye shule wana jibu tayari, kwamba ada itapanda kwa asilimia 18, kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania, na watoto wote watakimbilia shule za kata. Yote mawili hayako hivyo, na kosa la kwanza ndilo linalozaa la pili.

Kwa sheria yetu ya VAT ya mwaka 2014, elimu inayotolewa na shule ina msamaha. Msamaha si kiwango cha sifuri, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwenye kiwango cha sifuri hamtozi mteja kitu, na VAT aliyolipa kwenye manunuzi anarudishiwa. Mwenye msamaha hatozi, lakini harudishiwi pia. Kwa hiyo VAT ya saruji, nondo, rangi, umeme, vipuri vya basi na kampuni ya ulinzi imo tayari ndani ya ada. Mzazi wa Buswelu anailipa leo, ila haionekani kwenye karatasi ya ada.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 300, ada shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Mapato ni milioni 600. Mishahara, ambayo haina VAT, tuseme milioni 330. Mchele, maharage na unga wa mahindi navyo vina msamaha. Dizeli ya mabasi hali kadhalika: ina ushuru na tozo zake, lakini haina VAT, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa hapo, na wahasibu wengi huisahau. Tuseme manunuzi yenye VAT ni milioni 118, ambazo ndani yake milioni 18 ni kodi.

Shule ikiingia kwenye VAT, hizo milioni 18 inaanza kuzidai. Ili ibaki pale pale ilipokuwa, inahitaji milioni 582 kabla ya kodi. Ongeza asilimia 18 unapata 686,760,000. Gawa kwa wanafunzi 300: ada mpya ni 2,289,200. Imepanda kwa asilimia 14.5, wala si 18.

Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya risiti. Saruji ya duka lisilosajiliwa, mchanga wa lori, kokoto za wapondaji wa mlimani, fundi wa kuchomelea wa Nyakato anayeandika malipo kwenye daftari: hakuna hata kimoja kinachorudisha senti. Kati ya zile milioni 18, ukiweza kuthibitisha milioni 6 tu, ada inafika 2,336,400. Mwanafunzi mmoja, tofauti ya shilingi 47,200, na chanzo chake ni droo ya mhasibu.

Kuna watakaosema shule imeze kodi yenyewe. Milioni 600 zikihesabiwa kuwa zina VAT ndani, serikali inachukua milioni 91.5. Toa 18 za kurudishiwa, pengo ni milioni 73.5, zaidi ya moja ya tano ya mishahara yote ya shule ile, yaani asilimia 22. Hakuna shule ya kawaida inayomeza kiasi hicho bila kupunguza walimu.

Kinachoweza kuiangusha shule mapema zaidi, kwa maoni yangu, ni tarehe. VAT hudaiwa ankara inapotolewa au fedha inapopokelewa, lolote litangulialo, na ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) huwasilishwa na kodi yake kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Shule zetu zimezoea kumpa mzazi karatasi moja ya mwaka mzima mwezi Januari, kisha analipa kwa awamu nne. Karatasi hiyo ikiwa ankara ya kodi, ile shule ya mfano inadaiwa VAT ya milioni 104.76 ifikapo Februari 20, kabla ya kutoa ya manunuzi, huku awamu ya kwanza imeleta milioni 171 na ushee ikiwa wazazi wote wamelipa. Na hawalipi wote. Mzazi anayeuza dagaa mwaloni Kirumba analipa kwa kufuata giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika na awamu inapumzika nayo. Dawa yake ni ankara moja kwa kila awamu, na jedwali la mwaka liitwe makadirio.

Kizingiti nacho kina mambo yake. Usajili wa VAT kwa sasa ni lazima mauzo yanayotozwa kodi yakifika milioni 200 kwa mwaka. Shule ya ada ya milioni moja ingevuka ikipata mwanafunzi wa 200. Tegemea kuona shule zinazogoma kukua zikifika watoto 190, na shule ya awali kusajiliwa kampuni yake, shule ya msingi kampuni nyingine, geti likiwa moja. Uingereza walilijua hilo mapema, wakaweka vifungu vya kuzuia kampuni zenye uhusiano kugawana huduma. Huko chakula na usafiri vinavyotozwa kivyake havikuingizwa kwenye kodi, bweni likaingizwa. Kwetu, kwenye ada jumuishi ya masomo, uji, chakula cha mchana na basi, kifungu kama hicho cha kuacha chakula na basi nje ya kodi kingezaa menyu za gharama ya ajabu.

Sasa shule za serikali za jirani. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikadiria kwamba wanafunzi wapatao 37,000 wangetoka au wasingeingia shule binafsi kwa muda mrefu, idadi ndogo ukilinganisha na mamilioni walio shule za umma. Tena kule watoto wanapungua; London zipo shule za msingi zilizofungwa kwa kukosa wanafunzi. Hata hivyo kulikuwa na kasoro moja. Shule ya umma ya Uingereza hupata fedha kwa hesabu ya wanafunzi ya mwezi Oktoba. Kodi ikaanza Januari. Mtoto aliyehama wakati huo alikaa kwenye kiti ambacho bajeti haikumhesabu.

Mwanza hatuna viti vya ziada vya kutegemea, lakini pia si kila mtoto angeweza kuhama. Shule ya msingi kuna ukuta wa lugha. Mtoto wa darasa la tano aliyejifunza Sayansi na Hisabati kwa Kiingereza, ukimpeleka shule ya serikali ya Kiswahili anaanza upya na msamiati wote. Mzazi atavumilia ada, atakopa, atahamia English medium ya bei nafuu, kabla hajafanya hivyo.

Sekondari ukuta huo haupo. Na kuna jambo ambalo halisemwi: TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, humpangia shule ya serikali kila aliyefaulu darasa la saba, hata aliyetoka shule binafsi. Jina lake liko kwenye orodha ya shule ya kata Januari, ila haripoti, na mwalimu mkuu anajua kwa uzoefu kwamba sehemu fulani ya orodha haitatokea. Ada ikipanda, mzazi hahitaji barua ya uhamisho wala kubembeleza mtu. Mtoto anaripoti tu.

Wakiripoti 20 zaidi kwenye shule moja ya Nyamagana, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake ikiwa ya vitabu, pamoja na fidia ya ada 20,000 kwa wa kutwa. Jumla 900,000. Darasa moja la mradi wa UVIKO-19 lilitengewa milioni 20, bei ile ile Buhongwa kwenye tambarare na kwenye vilima vya mawe ambako msingi unaanza kwa kupasua mwamba na mifuko ya saruji inapanda kwa kichwa. Mwalimu wa Fizikia hayumo kwenye hesabu hiyo.

Shule ya mfano ingelipa serikalini kama milioni 86.8 kwa mwaka, inayotosha madarasa manne kwa bei ile. Lakini VAT inaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na hakuna bomba linaloitoa huko hadi kata ile ile iliyopokea watoto 20. Kodi hii naweza kuitetea ikiwa tu sheria itaandika bomba hilo, kwa kata na kwa idadi ya walioripoti.

Na tarehe tena. Sheria za fedha huanza Julai 1, katikati ya mwaka wetu wa masomo, na bajeti ya halmashauri inakuwa imeshapita. Wanaohama wangejitokeza Januari inayofuata. Ikiangukia Januari 2028, watakuta darasa la sita la mtaala mpya (ambao msingi unaishia la sita) na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani wanaingia kidato cha kwanza pamoja.