Hass au Fuerte? Anza na ua

Anayeniuliza apande parachichi aina ya Hass au Fuerte, namwambia apande zote mbili, ila si nusu kwa nusu.

Ua la mparachichi lina sehemu za kike na za kiume, lakini hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Hufunguka mara mbili katika siku mbili. Hass ni ya kundi A: ua hufunguka asubuhi likiwa la kike, hujifunga, kisha kesho yake mchana hufunguka tena likiwa la kiume na kutoa chavua. Fuerte ni ya kundi B, nayo huenda kinyume: kike mchana, kiume kesho yake asubuhi. Kwa hiyo asubuhi Fuerte inatoa chavua na Hass inapokea; mchana zinabadilishana. Nyuki ndio wachukuzi, basi msipulize dawa ya wadudu wakati wa maua.

Hass peke yake huzaa pia, maana saa hizo huingiliana kidogo, hasa kukiwa na baridi. Lakini baridi ikizidi uchavushaji huharibika, na Fuerte ndiyo hutoa vile vitunda vyembamba visivyo na kokwa, mfano wa matango machanga.

Kosa ninaloliona sana ni la mtu kuchanganya Hass, Pinkerton na Reed akidhani amemaliza kazi. Zote tatu ni kundi A! Pinkerton ina shingo ndefu na kokwa ndogo, Reed ni la mviringo na kubwa, lakini hakuna inayoisaidia Hass kwa chavua. Fuerte, Ettinger, Bacon na Zutano ndizo za kundi B. Mpangilio wa kawaida ni mti mmoja wa B katika kila miti tisa: kila mti wa tatu katika kila mstari wa tatu.

Kwa nini Fuerte isiwe nusu ya shamba? Kwa ulaji naipenda kuliko Hass. Ila ganda lake ni jembamba na hubaki kijani, kwa hiyo kila mchubuko huonekana, mti hutanuka sana, na mwaka ukizaa kwa fujo unaofuata hupumzika. Hass nayo hupumzika, lakini ganda lake nene huvumilia safari na hugeuka jeusi linapoiva.

Usipande kokwa ukitarajia tunda lile lile. Hass zote duniani zimetokana, kwa kubebesha (kuunga kijitawi cha mti mmoja juu ya shina la mche mwingine), na mche mmoja wa kokwa uliooteshwa California na Rudolph Hass, aliyeupatia hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1935. Nunua mche uliobebeshwa, na kiungo chake kisifukiwe udongoni.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kinachoua mparachichi kuliko chochote ni maji yaliyotuama: ukungu wa Phytophthora cinnamomi huozesha mizizi midogo inayonyonya chakula, ambayo mingi iko karibu na uso wa ardhi. Majani huwa madogo na ya njano, ncha za matawi hukauka, mti hunyauka ilhali udongo una unyevu. Mkulima akiona unyaufu huongeza maji, na hapo ndipo anaumaliza. Chimbua kidogo: mizizi myeupe ni mizima, myeusi inayokatika kirahisi imeoza. Kwenye udongo wa mfinyanzi panda juu ya tuta, weka matandazo, ila yasiguse shina.

Kuvuna ndiko kunakochanganya wengi, kwa sababu parachichi haliivi mtini. Hukomaa tu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa hunyauka na kuwa kama mpira. Pasua moja: utando wa kokwa ukiwa mweupe na mnene, subiri, ukiwa wa kahawia na mwembamba kama karatasi, limekomaa. Kwa uhakika zaidi, pima gramu 10 za nyama iliyokatwa nyembamba, zikaushe polepole bila kuziunguza mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 2.3, ni asilimia 23 ya kitu kikavu kinachobaki maji yakiisha, kiwango kizuri kwa Hass. Sheria ya California huanzia asilimia 20.8 kwa Hass na 19 kwa Fuerte.

Usivute tunda. Likate kwa mkasi, ukiacha kikonyo kifupi cha milimita chache, kwani kikichomoka, uozo huingilia hapo.