Programu Inapomaliza Kazi Lakini Haitoki: Dhana Potofu na Ukweli

Programu imeendeshwa katika terminali ya Linux, matokeo yote yameonekana kwenye skrini, lakini alama ya kupokea amri mpya hairudi. Wengi huamini kwamba mashine imelemewa. Ukweli ni kwamba programu inayoganda mwishoni mara nyingi haifanyi kazi yoyote, bali inangoja kitu. Fungua terminali nyingine uendeshe amri ya top: programu inayokula karibu asilimia 100 ya kichakataji huenda imenaswa katika kitanzi kisichoisha, ilhali iliyo kwenye 0 inangoja, na kuiongezea kompyuta kumbukumbu hakutaisaidia.

Dhana nyingine ni kwamba mstari wa mwisho wa msimbo ukishatekelezwa, programu haina budi kutoka. Sivyo. Python husubiri kwanza kila uzi (thread, yaani kazi inayoendeshwa sambamba ndani ya programu) ambao haukutangazwa kuwa wa daemoni, yaani wa nyuma usiosubiriwa, na Node.js hubaki hai maadamu kuna kipima muda au muunganisho wa hifadhidata ulioachwa wazi. Wapo wanaotibu hali hii kwa kuweka process.exit(), amri ya Node.js ya kutoka papo hapo, mwishoni. Siwashauri, kwa sababu amri hiyo inaweza kukata matokeo ambayo hayajamaliza kuandikwa, na dawa halisi ni kufunga muunganisho wenyewe.

Inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni dhana kwamba programu iliyofanya kazi vizuri kwa faili dogo ikiganda kwa faili kubwa, basi faili hilo lina kasoro. Mtu hushinda kutwa akilichambua faili lisilo na kosa. Programu mzazi inapoanzisha programu tanzu, ikangoja imalize ndipo isome matokeo yake, matokeo hayo hupitia bomba (pipe), yaani njia ya kupitishia data kati ya programu, ambalo katika Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu. Yakiwa machache yanaenea, na hakuna anayegundua tatizo. Bomba likijaa, tanzu husimama ikingoja nafasi ipatikane, na mzazi nayo imesimama ikingoja tanzu imalize, kwa hiyo zote mbili hukaa hapo hadi mtu azikatishe. Katika Python kosa hili hutokana na kuita wait() huku matokeo yakielekezwa kwenye bomba, na huondolewa kwa communicate(), ambayo husoma huku ikingoja.

Kuhusu kill -9, amri inayotuma ishara ya kuua programu papo hapo, wengi huiona kuwa ufumbuzi wa kila kitu. Ishara hiyo haiipi programu nafasi ya kufuta mafaili yake ya muda, tofauti na ishara ya 15 inayotumwa na kill peke yake. Tena, mchakato (programu inayoendeshwa) ambao amri ya kuorodhesha michakato, ps, inauonyesha kwa herufi Z umekwisha kufa na unangoja tu mzazi wake apokee taarifa ya kifo chake, hivyo hakuna cha kuua.

Hatimaye, si kweli kwamba bila msimbo huwezi kujua kinachongojwa. Endesha strace, amri inayoonyesha kile programu inachoiomba Linux, kwa kuandika strace -p ikifuatiwa na namba ya mchakato (PID), kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, ukikataliwa. Ukiona futex, uzi mmoja unangoja mwingine, ukiona wait4, inangojwa programu tanzu, ukiona read(0 na programu imeanzishwa kutoka terminali, inangoja maandishi ya kibodi, na kuianzisha upya kwa kuongeza < /dev/null kutaijulisha kwamba hakuna kinachokuja.