Machozi ya filamu ya vita si ushahidi wa historia

Wengi huamini kwamba filamu ya vita ikiwaliza, basi yote waliyoyaona yalitokea kweli. Sivyo. Chukua Saving Private Ryan (1998), filamu ya Vita Kuu ya Pili ambamo kikosi kinatumwa kumtafuta askari mmoja ambaye kaka zake watatu wameuawa. Chimbuko lake ni ndugu wanne wa familia ya Niland, Marekani. Lakini Fritz Niland hakutafutwa na kikosi kilichopoteza watu njiani. Kasisi wa jeshi ndiye aliyemfuatilia, akarudishwa nyumbani. Kaka yake Edward, aliyedhaniwa amefia Burma, alipatikana hai mwaka 1945.

Kinachokutikisa kwenye tukio la ufukwe wa Omaha, askari wa Marekani wanaposhuka Ufaransa (ambalo, kwa taarifa yako, lilipigwa picha Ayalandi), ni ufundi. Kwa kawaida kilango cha kamera (kisahani kinachozunguka kuruhusu mwanga) hufunguka nyuzi 180, kila picha ikipata mwanga kwa 1/48 ya sekunde, hivyo mwendo huacha ukungu kidogo. Hapa kilibanwa hadi nyuzi 90, hata 45, muda wa mwanga ukapungua na ukungu pia: mchanga unaruka chembe kwa chembe, miili inakwenda kwa kukatika-katika, jicho halipati pa kutulia. Muziki hakuna kabisa. Bomu likilipuka karibu na kapteni, mhusika mkuu, sauti inafifia, nawe unakuwa kiziwi pamoja naye.

Irudie sehemu hiyo ukiwa umezima sauti: damu ni ileile, mshtuko umepungua.