Baka lisilowasha: tunavyoukosea ukoma Tabora

Kule Urambo na Kaliua, baka lililofifia mgongoni huitwa utangotango papo hapo. Dawa ya fangasi ikishindwa, safari inayofuata ni kwa mganga. Ukoma hautajwi kwa sababu wengi wanaamini uliisha zamani. Haujaisha, wagonjwa wapya bado wanagunduliwa nchini.

"Haliwashi wala haliumi, basi si ugonjwa." Dhana hii ndiyo inayotuumiza kuliko zote. Choa huwasha na ukingo wake hutoa magamba. Baka la ukoma mara nyingi haliwashi: limepauka au lina wekundu kidogo, ni kavu, halitoi jasho, vinyweleo vimepukutika. Kubwa la kutafuta ni ganzi. Mhudumu husokota kipande cha pamba, humgusa mgonjwa kwanza penye ngozi nzima ili aelewe, kisha humwambia afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Akiguswa katikati ya baka naye ametulia tu, jibu limeshaanza kupatikana. Mhudumu makini hupapasa pia neva, yaani mshipa wa fahamu, ya nyuma ya kiwiko kuona kama imenenepa. Tusidanganyane kusubiri kipimo cha damu. Ukoma hautambuliwi hivyo.

"Vidole hukatika vyenyewe." Hapana. Bakteria huharibu neva, maumivu hupotea, na mkulima anayechochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku huungua bila kujua. Kidonda kisichouma hakitunzwi, kikioza kinafika mfupani.

"Ni laana ya ukoo." Daktari Hansen wa Norway aliiona bakteria yenyewe mwaka 1873. Huenea kwa matone ya puani na mdomoni, kwa kuishi muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa, na dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, wakati mwingine hata 20. Ndiyo maana ndugu huugua kwa kupishana miaka, watu wakadhani ni damu. Kupeana mkono hakuambukizi.

Na unatibika, bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, miezi 12 kwa mwenye mengi. Mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikiwa nyeusi zaidi, ni dawa hizo, usiziache. Ila neva iliyokwisha kufa dawa haiifufui, kwa hiyo mgonjwa mmoja akipatikana, wote wa nyumba yake wavue mashati wakaguliwe, watoto wakiwemo.