Tangazo Likisema "109 ya Mwaka 1948", Kagua Chasisi Kwanza

Malipo ya korosho yakianza kuingia, matangazo ya magari huongezeka kuanzia Masasi hadi Nachingwea, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kuta za maduka ya vipuri. Siku hizi yamo hata ya magari ya kale: Land Rover 109, Land Cruiser za miaka ya sabini, Peugeot 504. Wauzaji wamegundua kwamba uzee ukipambwa vizuri unauzika, na malalamiko yamefuata. Maelezo haya ni ya jumla. Kila jalada la malalamiko huamuliwa kwa vielelezo vyake.

Tuchukue tangazo la mfano: "Land Rover 109 ya mwaka 1948, ilikuja na Mradi wa Karanga Nachingwea, mmiliki mmoja, kilomita 41,000, kadi ipo, haidaiwi, bei maelewano."

Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka 1948, lakini ikiwa fupi, inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Namba 109 nayo ni inchi za kipimo hichohicho, kati ya ekseli na ekseli, na gari la urefu huo lilianza kuuzwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Mradi wa Karanga, ule wa Waingereza wa kulima karanga, ulikuwa umeshaachwa mwaka 1951. Kwa hiyo hakuna 109 iliyokuja na mradi ule, hata kama babu yake muuzaji alikuwa dereva huko. Angalia na taa: hadi mwishoni mwa miaka ya sitini taa kubwa za Land Rover zilikaa katikati, kwenye shoo (grili), baadaye ndipo zikahamia kwenye madigadi. Gari linalotangazwa kuwa la 1960 huku taa zikiwa kwenye madigadi, ama mwaka si wake ama mbele pamebadilishwa.

Kubadilishwa kwenyewe si kosa. Bodi za magari haya hufunguliwa kwa boliti, na gari moja laweza kubeba milango ya la pili na madigadi ya la tatu. Ndiyo maana usajili hautazami bodi, unatazama namba ya chasisi. Kwenye Land Rover za zamani namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inapofungwa. Kwenye Land Cruiser nyingi ipo kwenye reli ya chasisi upande huohuo, karibu na tairi la mbele. Safisha kwa brashi ya waya laini na kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka chaki ili herufi zijitokeze. Usimruhusu mtu kupitisha grainda hapo, hata akisema anaondoa kutu tu. Linganisha na kadi herufi kwa herufi. Dalili mbaya ni hizi: mstari wa kuchomelea kuzunguka namba, tarakimu zisizolingana kina, rangi nene mahali hapo peke yake, au kibati chenye rivati mpya juu ya gari lililochoka.

Kwa pwani yetu chasisi huoza kweli. Chumvi huanzia ndani, ambako macho hayafiki, hasa nyuma karibu na tangi na kwenye mikono ya springi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza au kilichojazwa puti hutoa sauti nzito. Wengine huja na sumaku kutafuta puti kwenye milango ya Land Rover, kisha hutangaza kwamba gari zima ni puti kwa sababu sumaku haikushika. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni alumini, na sumaku haishiki alumini. Ipeleke sumaku kwenye chasisi na kwenye ukuta wa injini. Chasisi ikibadilishwa, au injini ya awali ikatolewa na kuwekwa dizeli ya Toyota au Isuzu, mabadiliko yanapaswa kusajiliwa na kadi kurekebishwa kabla ya mauzo. Yasiposajiliwa, uhamisho wako utakwama, naye aliyeiweka injini hiyo pengine hapatikani tena.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Mnunuzi huona namba fupi, tuseme herufi mbili, tarakimu mbili, kistari na tarakimu nyingine, akakimbilia kusema ni ya kughushi kwa kuwa "chasisi lazima iwe na tarakimu 17". Si lazima. Utaratibu wa herufi na tarakimu 17 ulienea kuanzia miaka ya themanini, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani bado hutumia namba fupi. Ukikuta yenye 17 ambayo ndani yake mna herufi I, O au Q, hapo uliza, maana herufi hizo hazitumiki.

Vilevile, namba D au namba E kwenye pleti haielezi umri wa gari. Inaeleza lilisajiliwa lini Tanzania.

Kuhusu kilomita, dashibodi nyingi za zamani zina tarakimu tano. Zikifika 99,999 hurudi sifuri. Hiyo 41,000 yaweza kuwa 141,000 au 341,000, na nyingine huhesabu maili. Usilipie kilomita za gari la miaka hamsini.

Sasa "kadi ipo". Ipo wapi? Kadi halisi mara nyingi iko kwa mkopeshaji kama dhamana, nawe unaoneshwa nakala. Au unaoneshwa kadi iliyotolewa upya kwa ripoti ya upotevu kutoka polisi, huku ya kwanza ikiwa haikupotea kamwe. Dai kadi halisi, kisha muuzaji mwenyewe afike nawe ofisi ya TRA, Mtwara au Lindi, taarifa zihakikiwe. Faini za barabarani hutazamwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Hayo mawili huhitaji simu tu.

"Mmiliki mmoja" ndiyo kauli inayotuchosha zaidi. Mara nyingi ni kweli, isipokuwa mmiliki huyo ni marehemu, na gari limeshauzwa mara nne kwa karatasi za mkono. Kisheria bado ni lake. Muhtasari wa kikao cha ukoo hauhamishi gari. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haihamishi gari. Kikao hupendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama humteua, na msimamizi huyo ndiye anayesaini mauzo akiwa na hati ya uteuzi. Chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, asiye na haki ya kuuza hakupi umiliki, hata ukilipa bei kamili kwa moyo safi.

Magari yaliyokuwa ya miradi ya wafadhili, yenye pleti za DFP, mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Kodi hiyo hulipwa gari linapomhamia asiye na msamaha. Dai uthibitisho wa malipo, si hadithi ya mradi. Magari yanayovuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala nayo huingia kwa kibali cha muda. Msumbiji wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani hautakushtua. Kununua gari la namna hiyo kabla halijalipiwa ushuru ni kosa chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya kutozwa ushuru, au vyote viwili, na gari hukamatwa. Gari likiwa la wizi, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu humgusa aliyelipokea akijua. Adhabu yake hufika miaka 10.

Uhamisho wenyewe unahitaji TIN na vitambulisho vya pande zote mbili, kadi halisi na mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, siyo kwa kumwachia dalali fedha taslimu "ashughulikie". Ukinunua kwenye yadi, dai risiti ya EFD yenye bei uliyolipa, wala usikubali kuandika bei ndogo. Mgogoro ukitokea, utadai kiasi kilichoandikwa.

Maneno "limeuzwa kama lilivyo" hayamfuniki muuzaji aliyedanganya kuhusu umiliki. Kupata mali kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 7, na hilo ni la polisi. Tangazo la kupotosha la mfanyabiashara hupelekwa Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003. Kote huko utaulizwa tangazo lenyewe. Lipige picha siku unayoliona, tarehe na namba ya simu ya muuzaji vikionekana, kwa sababu gari likishauzwa tangazo hufutwa. Kisha mwaka, kilomita na asili ya gari vilivyotangazwa viandikwe kwenye mkataba, pamoja na namba ya chasisi uliyoisoma mwenyewe chini ya gari.