Ping ni nini, na inavyokuonyesha intaneti ya nyumbani inakatikia wapi

Ping ni programu ndogo inayotuma kipande kidogo cha data, yaani pakiti, kwenda kwenye kifaa kingine mtandaoni, kisha inasubiri kifaa hicho kiitikie. Ni kama kupiga hodi: unabisha, mwenyeji anaitika, na wewe unahesabu jibu limechukua muda gani kurudi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Wacheza gemu huuita huo muda wenyewe ping, ndiyo maana utawasikia wakisema "leo ping imepanda". Jibu lisiporudi kabisa, pakiti imepotea.

Aliyeiandika ni Mike Muuss, Desemba 1983, akiwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani huko Maryland, wakati anahangaika na mtandao uliokuwa unaleta vituko. Yaani tangu siku ya kwanza ni chombo cha kutafutia ubovu. Leo imo ndani ya Windows, Mac na Linux bila kusakinisha chochote, na kwenye simu zipo programu nyingi za bure za kazi hiyo.

Naisisitiza kwa sababu intaneti ikianza kusumbua nyumbani, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: kuzima ruta na kuiwasha tena, au kupandisha kifurushi. Kuzima na kuwasha husaidia wakati mwingine, ila hakukuambii kilichokuwa kinaumwa ni nini. Kupandisha kifurushi mara nyingi ni kutupa hela. Kasi ya kifurushi ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, wakati ping ni muda wa kwenda na kurudi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Unaweza kulipia Mbps 50, yaani megabiti 50 kwa sekunde, na bado simu ya WhatsApp ikawa inakatakata maneno, kwa sababu sauti ya mtu haihitaji data nyingi. Inachohitaji ni kufika kwa wakati na kutopotea njiani. Vile vipimo vya kasi ambavyo kila mtu anavikimbilia navyo huchukua sekunde chache tu, tena kwa kawaida hupima hadi seva ya karibu, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotoa huduma. Mtandao unaokatika kwa sekunde tano kila baada ya dakika mbili unaweza kupita kipimo hicho vizuri kabisa.

Uzuri wa ping ni kwamba unachagua mwenyewe pa kubisha. Kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye tovuti unayoitaka kuna safari yenye vipande: kompyuta hadi ruta, ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti, halafu kampuni hadi huko kwingine duniani. Ukipima kipande kimoja kimoja, ubovu hauna pa kujificha.

Anza na ruta. Kwenye Windows fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Sasa andika ping 192.168.1.1 -t, ukiweka namba yako. Bila hiyo -t, Windows hubisha mara nne tu na kuacha, na mara nne hazitoshi kukamata ugonjwa unaokuja na kuondoka. Iache iendelee kwa dakika kadhaa, kisha bonyeza Ctrl na C kuisimamisha. Kwenye Mac na Linux haihitaji -t, inaendelea yenyewe.

Angalia namba iliyo mbele ya neno time katika kila mstari. Ukiwa umechomeka waya kwenye ruta, inapaswa kuwa 1 au chini ya 1. Kwa Wi-Fi yenye afya utaona 2, 4, 3, 7, hivyo hivyo. Lakini ukiona 4, 3, 280, 5, 610, kisha mstari wa "Request timed out", kuna jambo ndani ya nyumba. Kwa hatua hii kampuni ya intaneti haijahusika kabisa, maana pakiti zako zimeishia sebuleni. Chomeka waya upime tena. Namba zikitulia, mkosaji ni Wi-Fi. Zikiendelea kuruka hata kwa waya, shuku ruta au waya wenyewe.

Wi-Fi ina adui wengi. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, ila ndiyo yaliyojaa: kwenye maghorofa ya kupangisha, ruta za majirani wote hugombea chaneli zilezile, na oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo. Ukiingia kwenye mipangilio ya ruta, chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Masafa ya 5 GHz ni mepesi na yana nafasi kubwa, lakini ukuta wa tofali na zege unayachosha haraka. Ndiyo sababu ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au kando ya friji humnyima mtu intaneti chumbani hata kama kifurushi ni kinono. Itoe, iweke juu, karibu na katikati ya nyumba. Na vile vistari vya Wi-Fi kwenye simu visikudanganye: vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta tu, havijui lolote kuhusu kinachoendelea nje ya ukuta wako.

Ruta ikijibu vizuri, toka nje. Andika ping 8.8.8.8 -t. Hiyo ni anwani ya Google, ambayo seva zake zimetawanywa sehemu nyingi na huwa unajibiwa na iliyo karibu nawe kimtandao. Kama ruta inaitika kwa 1 bila kukosa huku 8.8.8.8 ikipoteza pakiti kila mara, ubovu uko kati ya ruta na nje. Kwa wenye fiba, tazama taa ya LOS kwenye kifaa: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Kagua kama ule waya mwembamba umekunjwa kwa pembe kali au umebanwa na kochi, na usijaribu kuufungua. Kwa wenye ruta ya laini ya simu, sogeza ruta dirishani upande wa mnara upime tena. Ikiwa asubuhi ni shwari na kuanzia saa mbili usiku ping inapanda, mnara umelemewa na watu, na hapo hakuna kitufe cha kukusaidia nyumbani.

Kuna kisa kimoja kinachowapotosha hata mafundi. Ping iko 30, vizuri kabisa, ghafla inapanda hadi 900 na kukaa hapo, halafu inashuka. Mara nyingi ni simu ya mtu humo humo ndani inayopandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandishia data kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushushia, basi pakiti zote zinapanga foleni ndani ya ruta, na ya mkutano wako inasubiri nyuma ya video za harusi. Kama ruta yako inaruhusu kuweka kikomo cha kupandisha, weka chini kidogo ya uwezo halisi wa laini. Kama hairuhusu, ielekeze hifadhi ya picha ifanye kazi usiku wa manane.

Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini ping google.com inagoma, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Badilisha DNS kwenye ruta, jaribu 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Zipo siku ambazo ubovu uko baharini. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakalia pamoja. Siku kama hiyo kuwasha na kuzima ruta ni kujichosha. Kumbuka pia kwamba seva nyingine zimewekwa zisiitikie ping kabisa, kwa hiyo ukimya wa tovuti moja si ushahidi. Linganisha na anwani nyingine.

Na umeme usisahauliwe. Kurasa za mipangilio za ruta nyingi huonyesha imewaka kwa muda gani. Ukikuta dakika kumi na wewe hujaigusa tangu juzi, inajizima na kujiwasha yenyewe, na wa kwanza kushukiwa ni adapta iliyochoka au isiyo yake, kisha joto.

Ukishajua kwamba kosa liko nje ya nyumba, usipige simu huduma kwa wateja ukasema "mtandao unazingua". Chomeka waya, kwenye Windows andika ping -n 100 8.8.8.8 > matokeo.txt, kisha rudia kwa anwani ya ruta ukibadilisha jina la faili. Waambie saa uliyopima, kwamba ulikuwa kwa waya, ruta iliitika zote 100 na za nje zimepotea ngapi, na uwatumie mafaili yote mawili. Ukiambiwa uzime ruta na kuiwasha, fanya hivyo, pima tena, uwatumie la tatu.